Kivuli Huanzia Kwenye Taa: Niliyojifunza Nikiwasimamisha Wahusika wa Gemu Ardhini

Kama umewahi kumkata mhusika wa gemu kutoka kwenye picha yake, ukamweka juu ya mandhari nyingine, ukampaka kivuli miguuni na bado akakataa kusimama, naandika kwa ajili yako. Nilikuwa nimechukua kazi ya kutengeneza picha za matangazo za gemu moja ndogo. Wahusika walikuwa watatu: mpiganaji mwenye upanga na ngao, mganga mwenye fimbo ndefu, na mnyama wao wa kupanda mwenye makucha na mabawa. Wote walikuwa tayari, wametolewa kwenye programu ya 3D bila kitu chochote nyuma yao. Mandhari nazo zilikuwa tayari: ua wa ngome wenye jua kali, njia ya msituni, na ukumbi unaowaka mienge. Kazi yangu ilikuwa kuwakutanisha tu, na niliipangia muda mfupi.

Picha za kwanza zilirudi na neno moja kutoka kwa mwenye kazi: wanaelea. Hakufafanua, na sikumlaumu, maana mtazamaji hana wajibu wa kujua kwa nini jicho lake limekataa. Lakini niliumia. Kingo nilikuwa nimezisafisha mpaka kwenye nywele, rangi nilikuwa nimezilinganisha, kivuli kilikuwepo. Ratiba ikaanza kuteleza, kila marudio yakala usiku mwingine, na malipo yalikuwa yaleyale. Ninayoyaeleza hapa ndiyo ambayo ningependa mtu angeniambia kabla sijaanza.

Kivuli changu cha kwanza kilitoka kwenye kitufe. Photoshop na GIMP, programu za kuhariri picha, zote zina kitu kinachoitwa Drop Shadow: programu inachukua umbo la mhusika, inalijaza weusi, inalisogeza pembeni kidogo na kulitia ukungu sawasawa pande zote. Hicho ni kivuli cha kitu bapa kilicho sambamba na ukuta ulio nyuma yake, kama vile herufi, kitufe au kadi, na kwa kazi hizo kinafaa sana. Mhusika aliyesimama ardhini hana ukuta huo. Ukimpa kivuli cha namna hiyo, jicho linaubuni ukuta lenyewe, na mpiganaji wako anageuka stika iliyobandikwa juu ya ua wa ngome.

Hatua iliyofuata ni ile ambayo wengi huifikia na kubaki hapo. Unanakili leya ya mhusika (leya ni tabaka moja la picha), nakala unaijaza rangi ya giza, unaiweka chini ya mhusika, halafu unaivuta kwa kifaa cha kupindisha umbo mpaka ilale ardhini kuanzia miguuni. Unashusha opasiti (kiwango cha leya kuficha kilicho chini yake), unatia ukungu kidogo. Kwa picha ndogo, au mwanga ukiwa unatoka karibu na nyuma ya kamera au mbele yake, njia hii inatosha na sioni aibu kuitumia hadi leo. Lakini mpiganaji wangu alikuwa ameikabili kamera, mabega yamepanuka, ngao ya duara mbele ya kifua, na jua la ule ua lilikuwa likimpiga kutoka ubavuni kabisa. Kivuli nilichokilaza kilikuwa na mabega mapana na ngao ya duara kamili. Jua lililo ubavuni haliwezi kuona hivyo. Kutoka ubavuni, ngao ile ni ukanda mwembamba, mabega mawili yamelaliana yakawa bega moja, na kinachochomoza mbele ni pua, goti na ncha ya upanga.

Kivuli ni umbo la mhusika kama taa inavyomwona. Sentensi hii ingeniokolea wiki nzima. Wanaotengeneza injini za gemu, yaani programu zinazoendesha gemu, wanaijua zamani: mwaka 1978 Lance Williams alieleza njia ya kukokotoa vivuli kwa kuitazama kwanza mandhari kutoka mahali ilipo taa na kuhifadhi umbali wa kila kinachoonekana kutoka pale. Sehemu ambayo taa haiioni, iko kivulini. Gemu nyingi za 3D bado zinatumia njia hiyo, ingawa imeboreshwa sana. Nilikuwa nimesoma habari zake, lakini nilizichukulia kuwa mambo ya watu wa programu. Kumbe zinamhusu kila anayeshika brashi.

Kwa hiyo, kabla ya kufungua programu ya picha, sasa nauliza kama naweza kumzungusha mhusika. Ukiwa na modeli yake ya 3D, au gemu yenyewe ikiwa na sehemu ya kupiga picha inayokuruhusu kuzungusha kamera, ipeleke kamera mahali jua lilipo: ubavu uleule, na juu kwa nyuzi zilezile. Piga picha. Umbo unaloliona hapo ndilo la kunyoosha ardhini. Wenye mradi waliponipa modeli ya mpiganaji, kivuli chake kilitoka kwa muda mfupi kuliko muda niliokuwa nimetumia kubishana na kile cha kwanza. Waombe modeli mapema; mara nyingi wanayo, ila hakuna aliyefikiri kwamba mchoraji wa tangazo anaihitaji.

Usipoipata, chora. Mganga wangu alikuwa picha moja tu ya mbele, basi. Nilimwazia kuwa maumbo manene: kichwa mpira, kiwiliwili sanduku, joho koni iliyokatwa juu, fimbo mti mwembamba. Nilijiuliza kila umbo lingeonekanaje kutoka kwa jua, nikalichora hivyo, kisha nikayaunganisha na kulainisha mipaka. Mtazamaji hahesabu vidole kwenye kivuli. Anachokiona mara moja ni miguu isiyokutana na kivuli chake, silaha iliyoelekea upande mwingine, na joho linalopepea kulia wakati kivuli chake kinapepea kushoto. Hayo matatu yakikaa sawa, mengine yanasamehewa.

Sasa, utajuaje taa iko wapi kwenye picha uliyopewa? Tafuta kitu kilichosimama wima ambacho mguu wake na ncha ya kivuli chake vyote vinaonekana: nguzo, shina la mti, kigingi. Kwenye leya ya muda, chora mstari kutoka mguuni mwa nguzo hadi ncha ya kivuli, na mwingine kutoka kilele cha nguzo hadi ncha hiyohiyo. Mstari wa kwanza unakupa mwelekeo wa kivuli juu ya ardhi, wa pili unakupa mteremko wa mwanga. Fanya hivyo kwa nguzo mbili au tatu. Miale ya jua inatufikia ikiwa sambamba, lakini kwenye picha vivuli vilivyo sambamba ardhini huonekana vikielekea mahali pamoja kwenye mstari wa upeo, kama zinavyofanya kingo za barabara ndefu. Kwa hiyo usinakili pembe ya kivuli cha nguzo na kuibandika kwa mhusika aliye upande wa pili wa picha. Vuta mstari kutoka sehemu ile ya upeo hadi miguuni mwake, na uufuate huo.

Taa ya karibu ina tabia nyingine. Vivuli vya mwenge hutawanyika kutoka sehemu ya sakafu iliyo moja kwa moja chini ya mwali wake. Weka alama hapo, na kutoka kwenye alama hiyo vuta mstari kupitia miguu ya kila mhusika. Katika ukumbi wangu mienge ilikuwa mingi, na kwa muda nilitaka kumpa kila mtu kivuli cha kila mwenge. Haihitajiki. Mwanga wa mwali mdogo hupungua kwa mraba wa umbali: ukiwa mbali mara mbili, unapata robo. Mwenge wa karibu ndio unaochora kivuli kinachoonekana, wa pili unaacha kivuli hafifu, na iliyobaki inajaza tu giza la hivyo viwili. Mahali vivuli viwili vinapopishana ndipo penye giza zaidi, na sehemu hiyo ndogo hushawishi jicho kuliko kitu kingine chochote ukumbini.

Urefu wa kivuli ni hesabu ya shule. Jua likiwa juu nyuzi 45, kivuli kwenye ardhi tambarare kina urefu sawa na mtu. Likiwa nyuzi 30, ni takriban mara 1.7 ya kimo chake. Likiwa nyuzi 60, kinazidi nusu ya kimo kidogo tu. Usisahau kwamba urefu huo umelala kwenye ardhi ambayo kamera inaiona kwa mshazari, kwa hiyo pima kwa kulinganisha na vivuli vingine vilivyo kwenye umbali uleule, wala si kwa rula ya skrini.

Kabla sijaenda mbali, kuna jambo ambalo ningeliweka mwanzo kabisa kama ningekuwa nafundisha darasa: mwanga ulio juu ya mwili wa mhusika lazima ukubaliane na ule wa mandhari. Mganga wangu alikuwa amemulikwa kushoto, na njia ya msituni ilikuwa na jua la kulia. Hakuna kivuli cha ardhini kinachoweza kupatanisha mambo hayo. Nilimgeuza mganga kama kwenye kioo, mwanga ukakaa sawa, nikapeleka. Picha ikarudi siku hiyohiyo: fimbo ilikuwa imehamia mkono wa kushoto, na nembo kifuani ilikuwa kinyume. Kwa wachezaji wa gemu ile, mkono wa fimbo ni sehemu ya mhusika. Geuza mandhari, maana msitu hauna mkono wa kulia. Ila hakikisha kwanza haina maandishi wala jengo linalojulikana. Pale mandhari isipogeuzika, utalazimika kupaka upya mwanga mwilini: giza chini ya kidevu, kivuli cha ukingo wa kofia kikipita usoni, kivuli cha mkono juu ya joho. Ni kazi ndefu, basi iulizie malipo yake kabla ya kuikubali.

Tuje miguuni, maana hapo ndipo neno "wanaelea" lilipozaliwa. Vivuli ni viwili, na vinafanya kazi tofauti. Kuna kile kirefu kinacholala ardhini, na kuna giza jembamba mahali soli inapogusana na ardhi, ambako karibu hakuna mwanga wowote unaopenya. Hili la pili lipo hata siku ya mawingu mazito wakati kile kirefu hakionekani kabisa. Ukiwa na muda wa kutengeneza kimoja tu, tengeneza hili.

Ninavyolifanya: natengeneza leya mpya kati ya ardhi na mhusika, nachukua brashi ndogo yenye ukingo mgumu kiasi, nakuza picha mpaka kiatu kijae skrini. Halafu naangalia kiatu chenyewe. Cha mpiganaji kilikuwa na kisigino kizito, na mguu wake wa nyuma ulikuwa umekanyagia vidole tu. Chini ya mguu wa mbele nilipaka mstari mweusi wa pikseli chache kwenye kisigino, nikauacha uwe mwepesi kidogo pale soli inapoinuka katikati, kisha nikaukoleza tena chini ya vidole. Mguu wa nyuma ulipata weusi chini ya vidole peke yake, na kutoka hapo kwenda kisiginoni giza linapanuka na kufifia kwa kadiri kiatu kinavyoachana na ardhi. Juu ya hapo naongeza leya ya pili, brashi laini, pana kama kiatu chenyewe, opasiti ndogo. Kwa yule mnyama nilirudia hivyo kwa kila ukucha. Ni dakika nyingi kwa sehemu ambayo mtu hataitazama kwa makusudi, lakini nilipoiwasha na kuizima leya ile, mnyama alikuwa anatua na kupaa mbele ya macho yangu.

Anayeruka ni habari nyingine: hana kabisa giza la kugusana, na pengo kati ya miguu na kivuli ndilo linalotuambia yuko juu kiasi gani. Ndiyo maana gemu kama Super Mario 64 ya mwaka 1996 huweka kivuli cha duara moja kwa moja chini ya mhusika: mchezaji anajua atatua wapi. Ukichora mhusika hewani, usijaribu kuliziba pengo hilo.

Ukungu wa kivuli ulinipotezea muda mwingi kwa sababu nilikuwa nakisia. Kuna hesabu yake. Jua si nukta. Kutoka duniani linaonekana kama duara la takriban nusu nyuzi. Kwa sababu hiyo ukingo wa kivuli hauwi mkali, kuna ukanda wa nusu kivuli ambapo sehemu ya jua bado inaonekana, na upana wa ukanda huo ni karibu sehemu moja ya 107 ya umbali kati ya kitu na mahali kivuli chake kinapoangukia. Chukua mtu wa mita 1.8 na jua la nyuzi 45. Kutoka kichwani mwake hadi kwenye kivuli cha kichwa, kwa kufuata mwale, ni kama mita 2.5. Gawanya kwa 107, unapata sentimita 2.4 hivi. Kama mhusika wako ana kimo cha pikseli 900 kwenye picha, mita moja ni pikseli 500, kwa hiyo ukanda huo ni kama pikseli 12. Kichujio cha Gauss, kile cha kutia ukungu, chenye thamani ya 3 au 4 kinakupa ukanda wa upana huo. Mimi nilikuwa naweka 25 kwa kivuli kizima, kuanzia soli, chini ya jua la mchana mweupe. Kivuli cha namna ile ni cha dirisha kubwa au cha mawingu mepesi.

Miguuni, umbali kati ya kitu na kivuli ni sufuri, kwa hiyo hapo ukingo ni mkali, kichwani umelainika. Kulifanya hilo si kugumu. Tengeneza nakala mbili za kivuli, moja kali na nyingine yenye ukungu wa kichwani. Ipe ile kali maski ya leya (pazia ambalo nyeupe yake huonyesha leya na nyeusi yake huificha), vuta mchanganyo wa nyeupe hadi nyeusi kutoka miguuni kwenda kichwani, na ile ya ukungu uipe maski iliyo kinyume chake. Picha ikiwa kubwa, ongeza ya tatu katikati.

Hesabu hiyohiyo ilinisaidia kwenye vitu vyembamba. Kitu kikiwa mbali na kivuli chake kuliko mara 107 ya unene wake, hakiwezi tena kulifunika jua zima, na kivuli chake kinaanza kuyeyuka. Fimbo ya mganga yenye unene wa sentimita 3 inabaki na kiini cha giza hadi kama mita 3.2, kwa hiyo kivuli chake chote kinasimama imara. Unywele mmoja wenye unene wa sehemu ya kumi ya milimita unapoteza giza lake baada ya sentimita moja tu. Nilikuwa nimeacha nywele za mganga zionekane mojamoja kwenye kivuli kilichokuwa mita mbili kutoka kichwani mwake, kwa sababu nilizipenda. Nilipozifuta na kuacha umbo la pamoja la nywele, lenye ukingo laini, kivuli kikapata uzito.

Rangi. Kivuli cha nje hakiwi cheusi, maana jua likizuiwa, anga bado linamulika, na mwanga wa anga safi ni wa kibuluu. Ndani ya ukumbi wa mienge, kivuli cha mwenge mmoja kinamulikwa na mwenge mwingine, basi kinabaki na wekundu wake. Njia ninayoiamini kuliko kukisia ni hii. Tafuta kwenye mandhari sehemu mbili za ardhi ileile, moja juani na nyingine kivulini, zilizo karibu. Chukua rangi zake kwa kifaa cha kuchukua rangi, ukikiwekea wastani wa pikseli kadhaa ili chembechembe zisikudanganye. Katika ua wa ngome, tuseme ardhi ya juani ni 200, 180, 150 kwa nyekundu, kijani na buluu, na ya kivulini ni 80, 81, 75. Gawanya kila moja kwa mwenzake: 0.40, 0.45, 0.50. Zidisha kwa 255, unapata 102, 115, 128. Hiyo ni kijivu yenye ubuluu. Jaza umbo la kivuli chako kwa rangi hiyo, weka leya kwenye hali ya Multiply (inayozidisha rangi ya leya kwa rangi iliyo chini yake), opasiti 100, na kivuli kitafanana na vile vilivyokuwepo tangu mwanzo, kwa sababu kinaishusha ardhi kwa uwiano uleule. Jiwe linabaki jiwe na nyasi zinabaki nyasi ndani yake. Ukitumia GIMP, kuanzia 2.10 iliyotoka mwaka 2018, leya inaweza kuchanganywa kwa namna zaidi ya moja ya kuhesabu mwanga. Matokeo yakipishana na hesabu yako, bofya leya kwa kitufe cha kulia na uangalie Blend Space, mpangilio wa namna hiyo ya kuhesabu, kabla ya kuanza kurekebisha kwa macho.

Msitu ulinifundisha jambo ambalo sikulitegemea. Mahali penye kivuli tayari hapawezi kutiwa kivuli cha jua mara ya pili. Mhusika akizuia mwanga usiofika, hajazuia kitu. Multiply haijui hilo. Inashusha chochote inachokikuta, na pale kivuli cha mganga kilipopita juu ya kivuli cha mti, pakatokea giza la tatu ambalo haliko popote duniani. Dawa ni maski: futa kivuli chako kila kinapoingia kwenye kivuli kingine cha jua hilohilo, na uache giza la kugusana peke yake. Na kwenye njia ya msituni ambako mwanga unadondoka kwa madoa kati ya majani, kazi inageuka kabisa. Ardhi yote iko kivulini isipokuwa yale madoa. Kivuli cha mganga pale si kitu cha kuongezwa, ni madoa ya kuondolewa: nilinakili ardhi ya gizani na kuyafunika madoa yote ambayo mwili wake ungeyazuia. Halafu nikampa yeye mwanga ule aliouzuia, doa moja begani, jingine kwenye mkunjo wa joho, moja dogo kwenye fimbo. Madoa hayo huwa ya mviringo hata kama mianya ya majani ni ya ovyo, kwa sababu kila moja ni taswira ya jua lenyewe. Hiyo ndiyo picha ninayoipenda kuliko zote katika kazi ile, na karibu hakuna kivuli nilichokipaka ndani yake.

Kivuli kikikutana na ukuta, kikate pale ukuta unapoanza. Sehemu iliyobaki inasimama wima ukutani, imeinuka, haijalala. Kwenye ngazi kinavunjika kwa kila kipandio. Ninafanya kwa kutenganisha vipande na kupindisha kila kimoja peke yake, na ninahakikisha vinashikana bila mwanya kwenye mikunjo.

Jambo la mwisho kuhusu kupaka: fanya kazi kwenye biti 16 kwa kila rangi kama programu inakuruhusu. Biti 8 ina ngazi 256 tu kwa kila rangi, na kivuli laini kinachofifia polepole hukatika mikanda inayoonekana, hasa kwenye sakafu isiyo na michoro. Nyunyiza chembechembe kidogo kwenye kivuli, za kiwango kilekile kilichopo kwenye mandhari. Picha ya kamera ina chembe zake, na kivuli kisicho nazo kinang'aa kwa usafi wake.

Baada ya matangazo kupita, wenye gemu waliomba wahusika walewale kama vipande vya kutumia ndani ya gemu yenyewe, vivuli vikiwemo. Hapo kuna mitego yake. Hali ya Multiply inaishi ndani ya faili la programu yako. Ukitoa PNG yenye uwazi, inapotea, na kivuli chako cha kijivu-buluu kinageuka bamba la rangi ya majivu juu ya ardhi. Kabla ya kutoa, kibadilishe kiwe hali ya kawaida, rangi ya giza karibu na nyeusi, na giza lake ulitawale kwa uwazi wa pikseli. JPEG haina uwazi kabisa. GIF ina uwazi wa ndiyo au hapana kwa kila pikseli, basi ukingo laini unakuwa meno. Na usikishone kivuli kwenye picha ya mhusika. Gemu nyingi za 2D humgeuza mhusika kama kwenye kioo anapotembea kuelekea upande wa pili, na kivuli kilichoshonwa naye kinageuka pamoja naye, jua likihama kila anapogeuka. Mpe mtu wa programu mafaili matatu: mhusika, giza la miguuni, na kivuli kirefu. La miguuni litageuka na mhusika, kirefu kitabaki upande wake, na mwambie hivyo kwa maandishi unapomtumia.